Udi wa Kiarabu, wa Kituruki au wa Kiiraki: uanze na upi?

Anayetaka kujifunza udi, ile ala ya muziki ya nyuzi, hukwama mapema, kabla hata hajashika risha ya kupigia nyuzi. Akitafuta chombo anakutana na aina tatu: udi wa Kiarabu, udi wa Kituruki, na udi wa Kiiraki ambao daraja lake, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, halikugundishwa usoni, yaani kwenye ubao wa mbele wa tumbo. Ukiziweka pamoja, jicho geni halioni tofauti. Zote zina tumbo la mbavu za mbao zilizokunjwa, shingo fupi isiyo na freti (vizuizi vya kugawa noti kama vya gita), na kichwa kilichopindishwa kwenda nyuma. Tofauti hujitokeza siku ya kufunga nyuzi na kutuni, yaani kuzirekebisha zilie noti zinazotakiwa, na siku hiyo pesa zimeshatoka.

Nitazipima kwa mambo matano: ukubwa na urefu wa uzi, nyuzi na namna ya kuzifunga, tuni, mkono na sauti inayotoka, na upatikanaji wa mwalimu na masomo. Jambo la tuni nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa makusudi. Tuni ndiyo inayoamua utafuata masomo ya nani na utapiga pamoja na nani. Nakshi za mashimo na urembo wa shingoni sikuviweka kwenye mizani, ingawa najua ndivyo vinavyowavuta wengi kwanza.

Majina haya matatu ni ya mitindo mikuu tu. Mafundi huchanganya: kuna udi wenye daraja la kuelea (lisilogundishwa) unaotuniwa Kiarabu, na kuna udi wa Kiarabu ulioongezewa jozi ya nyuzi ya juu kwa mtindo wa Iraki. Kwa hiyo usinunue jina. Uliza urefu wa uzi na tuni iliyokusudiwa na fundi.

Ukubwa na urefu wa uzi

Urefu wa uzi hupimwa kutoka kizingiti cha shingoni, pale nyuzi zinapoingia kichwani, hadi darajani. Udi wa Kiarabu huwa na sentimita 61 hadi 62. Wa Kituruki una 58.5. Wa Kiiraki hutegemea fundi. Utakuta wa 58 na utakuta wa 61 na zaidi.

Sentimita tatu zinasikika nyingi, lakini tuzipeleke kwenye kidole. Sauti moja nzima (kama kutoka C hadi D) juu ya uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, hupatikana kwenye sehemu ya tisa ya urefu wa uzi. Kwenye udi wa sentimita 61.5 hapo ni kama sentimita 6.8 kutoka kizingiti. Kwenye wa 58.5 ni 6.5. Tofauti ni milimita tatu. Mtu mwenye vidole vifupi anaweza kabisa kupiga udi wa Kiarabu, na anayeambiwa hawezi anakatishwa tamaa bure. Kinachomsumbua zaidi mwenye mwili mdogo ni tumbo. Udi wa Kiarabu kwa kawaida una tumbo pana na lenye kina, na mkono wa kulia unalazimika kulizunguka ili risha ifike kwenye nyuzi. Wa Kituruki hukaa kifuani kwa urahisi zaidi. Kwa wa Kiiraki siwezi kusema moja, maana matumbo yake hutofautiana mno.

Kuna kipimo kizuri ambacho muuzaji hawezi kukubishia. Shingo ya udi huwa theluthi moja ya urefu wa uzi. Pima kutoka kizingiti hadi shingo inapokutana na tumbo, zidisha kwa tatu, upate mahali daraja linapopaswa kuwa. Shingo ya sentimita 19.5 inakupa 58.5, yaani Kituruki, ya 20.5 inakupa 61.5, yaani Kiarabu. Vipimo visipokubaliana, udi huo una kasoro ya kuundwa, au, ikiwa daraja ni la kuelea, mtu amelisogeza. Pima pia nafasi kati ya nyuzi na shingo pale pale shingo inapoishia: milimita 3 hivi ni nzuri. Ikifika 5, kidole kitateseka na sauti itapanda kila ukibonyeza, na hapo mwanafunzi hudhani sikio lake ndilo bovu.

Nyuzi na kuzifunga

Aina zote tatu huwa na nyuzi 11: jozi tano na bezi moja iliyo peke yake. Zipo pia za nyuzi 13. Jozi mbili za juu kabisa ni nailoni au plastiki inayofanana nayo. Zinazofuata zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kila uzi huvuta kama kilo 3 hadi 4, wakati uzi wa nailoni wa gita la klasiki huvuta karibu 7. Uso wa udi ni ubao mwembamba sana uliotengenezwa kwa mvuto huo mdogo. Nyuzi za chuma za gita zisikaribie udi wa aina yoyote, na hata seti ya nailoni ya gita si yake.

Seti huuzwa kwa tuni na urefu fulani, na hapa ndipo wanaoanza huumia. Uzi ule ule ukipandishwa sauti moja nzima bila kubadili urefu, mvuto wake huongezeka kwa asilimia 26. Chukua seti ya Kiarabu, ifunge kwenye udi wa Kituruki na uitie tuni ya Kituruki: udi ni mfupi, jambo linalopunguza kidogo, lakini bado mvuto unazidi kwa asilimia 14 hivi. Kinyume chake, seti ya Kituruki ikishushwa kwenye tuni ya Kiarabu juu ya udi ule ule wa Kituruki, inapoteza karibu asilimia 21. Nyuzi zinalegea, zinagonga shingo, na risha inazama ndani yake. Hakuna kitakachovunjika, lakini utajifunza kupiga kwa woga.

Kwenye udi wa Kiarabu na wa Kituruki daraja limegundishwa usoni, na kufunga ni sawa. Uzi huingizwa kwenye tundu la daraja kutoka upande wa shimo, hutokea nyuma, hurudi juu ya daraja, hupita chini yake wenyewe na kusokotwa mara mbili au tatu. Nailoni nyembamba huteleza, kwa hiyo iongeze msokoto mmoja. Hili hujifunzwa kwa jioni moja, na aliyewahi kufunga gita la klasiki analijua tayari.

Kwenye udi wa Kiiraki nyuzi hazifungwi darajani. Hupita juu ya daraja na kushikwa kwenye ukingo wa chini wa tumbo, kama kwenye fidla. Kufunga ni rahisi, maana uzi huwa na kitanzi au fundo mwishoni. Ugumu uko kwingine. Daraja limesimamishwa na mvuto wa nyuzi tu. Ukitoa zote kwa pamoja linaanguka na unapoteza mahali pake. Badilisha uzi mmoja baada ya mwingine, na kabla ya hapo weka alama ndogo ya penseli laini. Kadiri unavyopandisha tuni, daraja huinamia upande wa shingo, na lazima ulinyooshe taratibu kwa vidole viwili. Nyuzi zake pia huwa ndefu zaidi kwa kuwa zinavuka daraja, hivyo seti ya kawaida inaweza isifike. Faida ni kwamba uso haung'olewi na daraja; unasukumwa chini tu. Daraja lililogundishwa likibanduka, linahitaji fundi.

Vigingi havina ubaguzi. Ni vya mbao, vimechongwa vikiwa vyembamba upande mmoja, na vinashikilia kwa kusuguana tu. Uzi uzungushwe ukielekea upande mnene wa kigingi, ili mvuto ukiingize ndani badala ya kukitoa. Kikiteleza, kipake chaki. Kikikwama, kisugue na sabuni kavu. Kila unapokizungusha, kisukume ndani kidogo. Haya madogo yanaokoa hasira nyingi kuliko ushauri wowote wa kununua.

Tuni

Nitatumia herufi za noti pamoja na namba ya oktavu, kwa sababu programu za kutuni kwenye simu huzionyesha hivyo, na uzi uliotafutiwa oktavu ya juu kimakosa hukatika. C4 ni ile C ya katikati ya piano. Orodha zinaanza na bezi, ambayo ndiyo iko karibu na uso wako unapopakata udi, kwenda jozi ya juu iliyo karibu na paja.

Kiarabu: C2, F2, A2, D3, G3, C4.

Kituruki: C2 shapu, F2 shapu, B2, E3, A3, D4.

Kiiraki: F2, C3 (wengine huweka A2), D3, G3, C4, F4.

Zitazame vizuri, maana jambo zuri limejificha humo. Jozi nne za juu za Kiarabu ni A, D, G, C. Za Kituruki ni B, E, A, D. Mpangilio ni ule ule, umepandishwa sauti moja. Kwa hiyo vidole vya mwanafunzi wa Kiarabu na wa Kituruki hukaa mahali pamoja kwenye nyimbo nyingi za mwanzo. Kinachobadilika ni kimo cha sauti tu. Mtu mwenye udi wa Kituruki anaweza kutazama mkono wa mwalimu wa Kiarabu na kuufuata. Hataweza kupiga naye kwa pamoja bila mmoja wao kubadili tuni, na zikifika jozi za chini mpangilio unaachana: Kituruki kinaendelea kwa noti nne nne (kama A hadi D) hadi chini, Kiarabu kina F na A ambazo ziko karibu zaidi.

Kiiraki nacho kina D, G na C zile zile za Kiarabu, kwa kimo kile kile. Kilichoongezwa ni F ya juu. Matokeo yake, C ambayo kwa Mwarabu ni jozi ya kwanza, kwa Mwiraki ni ya pili. Noti ni zile zile lakini kila kitu kimesogea jozi moja, na anayetazama mkono wa mwalimu wa Kiarabu atapotea hadi azoee. Jozi ile ya F ni nyembamba na hukatika kuliko nyingine zote. Nunua za akiba.

Anayechagua Kituruki aelezwe mapema kuhusu maandishi. Muziki wa Kituruki huandikwa juu kuliko unavyosikika: jozi ya kwanza inayolia D huandikwa G, ya pili inayolia A huandikwa D, ya tatu inayolia E huandikwa A. Kitabu kikisema jozi ya kwanza ni G na programu ikaonyesha D, vyote viwili viko sahihi. Usipandishe uzi hadi G. Kwa Kiarabu na Kiiraki hakuna mtego huo wa majina; kinachosomwa ndicho kinacholia, ingawa mara nyingi huandikwa oktavu moja juu.

Katika kutuni kwenyewe, fika kwenye noti ukitoka chini. Ukipita, legeza kabisa kisha panda tena, maana uzi ulioshushwa kufikia noti hubaki na ulegevu kwenye kizingiti na utashuka tena. Tuni uzi mmoja wa jozi kwanza, ndipo umfuatishe mwenzake kwa sikio mpaka mawimbi ya sauti kati yao yatulie. Kisha jihakiki bila programu: bonyeza jozi ya D kwenye robo ya urefu wa uzi, yaani kama sentimita 15 kutoka kizingiti, na utasikia G ya jozi inayofuata. Nailoni mpya hunyooka kwa siku kadhaa, na kutuni kila dakika chache siku hizo si dalili ya ubovu.

Mkono na sauti

Risha ni kipande kirefu chembamba, zamani unyoya wa tai, leo plastiki au pembe. Hushikwa kikipita kiganjani, kiwiko kimetulia juu ya ukingo wa tumbo, na kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi. Hilo halibadiliki kwa aina yoyote. Tofauti ziko kwenye kile chombo kinachokujibu.

Udi wa Kiarabu hujibu kwa sauti nene na ya joto, yenye bezi inayobaki chini ya wimbo. Unavumilia risha nzito na unafaa sana kumsindikiza mwimbaji. Wasikilize Muhammad al-Qasabgi, aliyekaa miaka mingi na udi wake nyuma ya mwimbaji wa Misri Umm Kulthum, na Riyad al-Sunbati. Wa Kituruki una sauti nyepesi na angavu zaidi, na mapambo madogo ya kidole cha kushoto, mtelezo na mguso wa haraka, husikika wazi. Udi Hrant, aliyefariki 1978, na Cinuçen Tanrıkorur, aliyefariki 2000, watakuonyesha. Wa Kiiraki hudumisha noti kwa muda mrefu na husikika vizuri hata mkono ukipanda juu ya tumbo, ndiyo sababu umekuwa chombo cha mpigaji anayekaa peke yake jukwaani. Munir Bashir ndiye mlango wake, na Naseer Shamma baada yake. Ukisikia kitu cha Kituruki ndani ya shule hiyo ya Baghdad hujakosea: Şerif Muhiddin Targan kutoka Istanbul alifundisha huko katika miaka ya 1930, na ndugu Jamil na Munir Bashir walikuwa wanafunzi wake.

Sikio nalo hulelewa tofauti. Kwenye maqam (mpangilio wa noti za wimbo) iitwayo Rast ya Kiarabu inayoanzia C, noti ya tatu huwekwa takriban katikati ya E flati na E. Kwenye Rast ya Kituruki noti hiyo ya tatu hukaa juu zaidi, karibu na E kamili. Udi hauna freti, kwa hiyo chombo chochote kati ya hivi vitatu kinaweza kutoa zote mbili. Lakini anayeanza asizilishe sikio lake kwa zamu. Kaa na moja mpaka kidole kiende chenyewe, ndipo uguse nyingine.

Kwa jaribio la kwanza, piga maqam Bayati. Kwenye udi wa Kiarabu unaanza na jozi ya tatu ikiwa tupu (D), kidole cha kwanza kwenye ile E ya katikati, kisha F, halafu jozi ya pili tupu (G), A, B flati, na kumalizia jozi ya kwanza tupu (C). Uzi mtupu unakusahihisha mara tatu njiani. Kwenye wa Kituruki vidole hivyo hivyo vinakupa maqam ya jamaa yake, Uşşak, ikilia sauti moja juu. Kwenye wa Kiiraki unaanzia jozi ya nne.

Mwalimu na masomo

Masomo ya video na vitabu vya wanaoanza kwa tuni ya Kiarabu ni rahisi kupata, na seti zake za nyuzi pia. Kituruki kina mfumo wa maandishi na nadharia uliopangwa kwa makini, sauti moja ikigawanywa vipande tisa, na anayependa kusoma atafurahi. Kiiraki kina walimu hodari, lakini mengi ya masomo yake humkuta mwanafunzi akiwa ameshapita hatua ya kwanza. Shamma alianzisha shule ya udi ya Bayt al-Oud mjini Kairo, na mtindo wake umesambaa kupitia wanafunzi wa huko.

Kulingana na hali yako

Una mwalimu tayari, hata wa kukutana naye mtandaoni: nunua anachotuni yeye. Hili linashinda vigezo vingine vyote.

Huna mwalimu na unapenda nyimbo za Kiarabu, au unataka kumsindikiza mwimbaji: udi wa Kiarabu wa nyuzi 11, uzi wa sentimita 61 hivi, daraja lililogundishwa.

Mwili wako ni mdogo, au unavutiwa na muziki wa Kituruki, wa Kiarmenia wa Anatolia au wa Kigiriki wa pande hizo: wa Kituruki. Ukitaka baadaye kuutumia kwa tuni ya Kiarabu, nunua seti nene iliyotengenezwa kwa C kwenye urefu wa 58.5 badala ya kulegeza ile uliyonayo.

Unatoka kwenye gita au fidla, una subira ya kurekebisha daraja, na ndoto yako ni kupiga peke yako: wa Kiiraki hautakulemea. Kama hujawahi kushika chombo chochote cha nyuzi, unaweza bado kuanza nao, ila mpate mtu wa kukuonyesha ana kwa ana jinsi ya kusimamisha daraja kwa mara ya kwanza.

Una udi wa kurithi au wa zawadi na hujui ni wa aina gani: pima shingo, zidisha kwa tatu, kisha kagua uso kama umezama mbele ya daraja. Ukiwa umezama, usipandishe tuni yoyote hadi fundi auone. Ukiwa mzima, funga seti inayolingana na urefu uliopata, itie sauti moja nzima chini ya tuni yake, uiache hivyo kwa siku mbili tatu, kisha uipandishe taratibu huku ukitazama daraja.